Sikio Lisilojua Utani

Mkono wa chuma ulishuka kutoka darini bila kelele, ukachukua filigisi za kuku, ukazikata vipande vidogo, ukazichanganya na maini, ukasaga mfupa mpaka ukawa unga, kisha ukaupasha mchanganyiko huo joto lile lile la windo lililokufa sasa hivi. Mkono wa pili, mwembamba zaidi, ulikuwa unatandika. Ulitundika bembea ya kitambaa ndani ya sanduku la kulalia, ukaziba mwanga, ukamwaga mchanga safi kwenye kona ya choo, halafu ukapekua kila pembe kutafuta vipande vya mpira. Kicheche akiona mpira hutafuna, na mpira ukimkwama tumboni ndio mwisho wake.

Mashine hiyo iliitwa kitunzi. Katika minara ya Kisarawe hakuna aliyefuga mbuzi wala kuku tena. Watu walifuga vicheche, wanyama warefu na wepesi wanaotosha kwenye chumba ambacho mwenyewe hatoshi. Wataalamu walikuwa wamewaondolea ile harufu yao maarufu. Tabia ziliwashinda.

"Chakula tayari," kitunzi kilisema kwa sauti laini. "Mpagazi, mpendwa, karibu."

Hakuna aliyetoka. Filigisi zilianza kupoa.

"Umeona?" Mzee Kondo alisema kutoka kitini. "Leo siku ya tatu."

Injinia Kalunde alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mkoba wa vifaa mapajani. Alikuwa ametoka mnara mwingine, na kabla ya huo mwingine tena, na miguu yake ilishaacha kulalamika kwa kuona haisikilizwi. Yeye ni mmoja wa waliokiunda kitunzi. Zamani alikaa maabara. Siku hizi aliyekiunda ndiye huyo huyo anayepanda minara kukitengeneza, maana kampuni ilipunguza watu na kuongeza salamu za pongezi.

Alimulika ndani ya sanduku. Kicheche alikuwa amejikunja kwenye bembea, macho wazi, ubavu umebonyea. Utumbo wa kicheche ni mfupi, chakula hupita haraka, na asipokula mara kwa mara hulegea upesi. Huyu alikuwa amelegea.

"Mzee Kondo, kuna mtu mnagombana humu ndani?"

"Nigombane na nani? Naishi na huyo panya aliyevutwa."

"Kitunzi kimetoa onyo. Kinasema nyumba ina uadui, na keshokutwa watu wa kituo cha wanyama wanakuja kumchukua." Kalunde aligusa kioo cha mashine. "Sikiliza."

Sauti ya Kondo ilitoka ikiwa na nguvu kuliko mwenyewe: "We mla michembe, toka huko! Mlibeba meno ya tembo ya wenzenu kutoka bara mpaka pwani, mkarudi na mabega tu! Leo unashindwa kubeba tumbo lako mpaka kwenye sahani? Kufa na njaa basi, nije nicheze ngoma!"

Kalunde alikaza midomo isicheke.

"Huo si ugomvi," Kondo alisema. "Hiyo ndiyo 'karibu chakula' yake."

Akaeleza. Kabla ya roboti-tambazi, nyaya za mwanga zilipitishwa chini ya jiji kwa vicheche. Mnyama alifungwa kamba kwenye mshipi, akaingizwa bomba upande huu, na mtu wa upande wa pili akamwita. Upande huu alikaa Kondo, Mzaramo. Upande ule alikaa Msabila, Mnyamwezi. Na kwa kuwa makabila hayo ni watani wa jadi, wenye ruhusa ya kutukanana bila chuki, kutwa nzima walitukanana kupitia bomba: huyu akamwita yule mpagazi na mla michembe, vile viazi vikavu vya kwao, yule akamwita huyu muuza viwanja. Kicheche alikua akikimbia kati ya sauti hizo mbili, na kila alikofika alikuta chakula. Hata jina lake, Mpagazi, Kondo alimpa ili kumkera mwenzake.

"Nilipoona hilo onyo nikaacha. Sikio la hicho kitunzi likisikia tusi moja zaidi, wanakuja siku hiyo hiyo. Basi siku tatu nasema 'mpendwa' mpaka ulimi umeota sukari. Ananitazama kama mgeni aliyekosea mlango." Kondo alijifuta uso kwa kiganja. "Aliyeliunda hilo sikio hana watani?"

Sikio-tambuzi la kitunzi lilikuwa kazi ya Kalunde mwenyewe. Lilikuwepo kwa sababu nzuri: kulikuwa na watu wanaotesa wanyama, na mnyama hawezi kushitaki. Akalifundisha kwa sauti za nyumba nyingi mpaka likaweza kupima chuki kama kipimajoto kinavyopima homa. Rekodi zenye utani ziliwekwa kando; zilikuwa zinalichanganya, na tarehe ya uzinduzi ilikuwa imefika. Baada ya hapo sikio lile lile likaingia kwenye lifti, ofisini, hospitalini. Watu wakajifunza kusema vizuri. Kila mahali ikawa hongera, mpendwa, nashukuru sana.

"Msabila yuko wapi?" aliuliza.

"Chini. Mwaka jana." Kondo alitazama mikono yake. "Nilikwenda kuzika kama mtani anavyotakiwa. Nikaingia kaburini, nikalala, nikasema mbeba mizigo huyu hazikwi mpaka nipewe jogoo. Ndugu zake wakaanza kucheka, wameshaanza kabisa! Likaja roboti-mlinzi, likaninyanyua kama gunia la mkaa, likaniweka nje ya uzio. Nimemzika mtani wangu kimya, binti yangu. Tangu hapo nimechoka, na ninalala wee, lakini uchovu hauishi."

Kalunde aliujua uchovu wa namna hiyo, ila hakuwahi kumsikia mtu akiusema.

"Wewe kwenu wapi?" Kondo aliuliza ghafla.

"Sikonge."

"Sikonge ya Tabora?" Mzee alijinyoosha kitini. "Mnyamwezi! Umekaa nyumbani kwangu muda wote huu unaniamkia shikamoo?"

"Niko kazini, mzee."

"Kazini! Babu zako nao walikuwa kazini."

Taa ndogo juu ya kitunzi iligeuka kutoka kijani kuwa manjano. Wote wawili waliitazama. Kondo alifumba mdomo, akajikunja taratibu kama mtu aliyekamatwa.

Pengine ni kule kujikunja kulikomchosha Kalunde kupita kiasi. Fundi anayeng'oa sikio-tambuzi hunyang'anywa leseni. Kanuni hiyo aliisaini yeye mwenyewe. Akafungua mkoba, akachukua bisibisi, akapanda juu ya kiti. Skrubu nne. Sikio lilitoka likiwa dogo kama kifuniko cha chupa, taa yake bado inawaka, maana lilikuwa na betri yake. Akalifunga ndani ya kitambaa, akalitia chini kabisa ya mkoba.

"Mwite sasa," alisema.

Kondo alipiga magoti mbele ya sanduku. "We... we mla michembe," alianza, lakini sauti ilikwaruza. Siku tatu za sukari zilikuwa zimemmaliza. Kicheche aliinua kichwa, masharubu yakatikisika. Akangoja. Kisha akakilaza tena.

"Umeona? Anasubiri upande wa pili," Kondo alinong'ona. "Msaidie, mtani. Atanifia."

Kalunde alizunguka upande ule mwingine wa sanduku, akainama. Akatafuta neno. Miaka mingi hakuwahi kumwambia mtu kitu kisichofaa kuchapishwa kwenye kadi ya harusi.

"Nyinyi Wazaramo," alisema, "kwa kweli... si watu wa kutegemewa sana."

Kondo alimtazama. "Hilo ni tusi au ripoti ya mwaka?"

"Niache kwanza!"

"Bibi yako angekusikia angeomba afe mara ya pili."

Hapo kitu kikafunguka. Kalunde alimkumbuka bibi yake msibani, kanga kiunoni, akiwafukuza watani kwa mwiko, na watani wakifurahi kufukuzwa. Akavuta pumzi.

"Nyie mliouza ardhi yote mpaka ya kuzikiwa, mkanunua ngoma! Ukifa wewe tutakuzika wapi, kwenye lifti? Toka huko, mvivu, umelala mchana kweupe kama bwana harusi wa kwenu Maneromango!"

"Sema tena, mbeba mizigo!" Kondo aliitikia, na sauti yake ikapanda. "Mabega kama toroli!"

"Mdomo kama spika ya ngoma!"

Bembea ilitikisika. Pua ikachungulia, kisha shingo ndefu, kisha mwili wote ukamiminika nje kama soksi inayovuliwa. Mpagazi alikwenda mpaka kwa Kalunde, akamnusa kidole, akarudi mpaka kwa Kondo, akapanda kiganjani mwake. Kondo alichovya kidole kwenye maini. Mnyama akalamba, akasita, akalamba tena, akaanza kula.

Mzee alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta. "Ukifa nitalala kaburini kwako. Nitadai ng'ombe."

"Utatangulia wewe."

"Kwa uso huo uliochoka? Jogoo wako nimeshaanza kumnunulia mchele."

Kalunde alifuta onyo kwenye kioo na kuandika sababu: sikio lina hitilafu.

"Si utakuwa umedanganya?" Kondo aliuliza.

"Hapana. Lina hitilafu."

Kitunzi kiliendelea na kazi yake, kiziwi na chenye bidii, kikitandika upya bembea.

Jioni Kalunde alifika chumbani kwake, akavua viatu, akakaa kitandani bila kuwasha taa. Kila kifaa kibovu hurudishwa, na kesho maabara wangelifungua lile sikio na kusikia kila lililosikia, na yeye angeitwa kujieleza. Alilitoa mkobani, akalifungua kitambaa, akaliweka mezani. Lilisikiliza. Friji ikanguruma, ikanyamaza. Baada ya muda taa yake ikawa kijani kibichi.

"Nyumba hii ina utulivu kamili," sikio lilisema. "Hongera, mpendwa."

Kalunde aliitazama ile taa. Chumba kilikuwa kimepata alama zote.

Simu ikaita.

"Umefika?" ilikuwa sauti ya Kondo, na nyuma yake kucha ndogo zikikwaruza sahani. "Au umejibeba ukachoka njiani?"

Kalunde alisogea karibu na meza, ili sikio lisikose hata neno moja.

"Nimefika, we muuza makaburi," alisema. "Umekula, au unangoja mtu afe ndipo ushibe?"

Taa ikawaka nyekundu. Akaiacha iwake.