Mlango Uliotoka Mlali

Dada yangu Josephina si mtu wa kuamini mambo. Kazaliwa Matombo, kakulia karibu kabisa na misheni, na akisikia watu wanataja mizimu husema, "Acheni hizo, kafanyeni kazi." Ndiyo maana haya nayasimulia mimi, mdogo wake. Yeye mwenyewe hataki hata kuyasikia.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, mwezi wa saba, jua la utosi, milima ya Uluguru ikiwa wazi mpaka unaona mashamba yaliyochomwa moto kule juu. Dada alikuwa ameegesha IST yake mbele ya duka pale Kihonda, ananunua unga na mayai, maana anaoka keki za harusi na kuzipeleka mwenyewe. Binti yake Agnes, wa darasa la pili, alikuwa naye dukani akichagua biskuti. Fuso la tofali likarudi nyuma, dereva hakuangalia, likaubonyeza mlango wa nyuma wa kushoto. Kishindo kidogo tu, kama mtu kakalia debe. Dereva akashuka, akaomba radhi. Watu wakasema mshukuru Mungu, hilo ni bati. Na dada alikuwa na bima kubwa.

"Wiki moja tu, nitakuwa nimeshasahau," aliniambia.

Masikini dada. Kwanza askari wa kuchora ramani ya ajali alikuwa likizo. Ripoti ilipopatikana, bima wakasema haina muhuri. Muhuri ukapigwa, mkaguzi wa bima akawa yuko Dodoma. Mkaguzi akaja, akapiga picha mlango wa kulia, mlango mzima ambao haukuguswa na mtu, kisha wakampigia dada simu kumwambia kwamba gari lake halina tatizo. Ikabidi mkaguzi aje tena. Muda wote huo mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba, vumbi linaingia, keki nyeupe zinafika harusini zikiwa na rangi ya udongo. Aliyeshughulikia madai yake, kijana mmoja anaitwa Amosi, alikuwa na jibu lake moja: "Vuta subira dada yangu, suala lako liko mezani."

Hatimaye wakaidhinisha. Siyo mlango mpya, wakasema gari limezeeka, atafutiwe wa mtumba. Fundi Kondo, mwenye gereji waliyompangia, akaupata mlango wa rangi ileile ya fedha. Hata rangi hakupiga. Ulifunga taratibu, kama uliotoka kiwandani na gari hilohilo. Dada akasaini kwamba ameridhika.

Siku hiyo tulicheka. Tulidhani yamekwisha.

"Mama, huku chini kumelowa," Agnes alisema asubuhi moja wakienda shule.

Dada akapapasa kapeti la nyuma. Maji. Akayakausha kwa tambara. Kesho yake yamerudi. Akampelekea Kondo, Kondo akaumwagia mlango maji ya bomba kwa mpira mpaka akachoka. Ndani hakikuingia hata kitone.

"Mpira wa mlango ni mzima, dada. Labda mtoto anamwaga maji ya kunywa."

"Mtoto gani anakunywa maji ya hivi?" Dada akamwonyesha tambara. Maji yalikuwa ya kahawia, yana mchanga mwembamba, yananuka mto. Mwezi wa tisa, Morogoro nzima inalia vumbi. Na kwenye kona ya kapeti kulikuwa na konokono mdogo wa majini. Alikuwa anatembea.

Siku iliyofuata dada alikuwa peke yake kwenye gari, saa sita mchana, barabara ya Mazimbu. Nyuma yake akasikia, ka. Ka. Ka. Akapunguza mwendo. Kilikuwa kitasa cha ndani, cha mlango ule. Akasimamisha gari pembeni. Akageuka. Kiti kitupu. Kitasa kikanyanyuka, kikarudi. Kikanyanyuka tena. Sasa haraka. Haraka zaidi. Kama mtu mwenye shida.

Kisha kikatulia.

Dada akatazama kioo cha mlango. Kilikuwa na ukungu wa pumzi kwa ndani. Juu kabisa, pale kioo kinapokutana na paa. Sehemu ndogo tu, upana wa mdomo.

Hakwenda kwa mganga. Alikwenda kwa bima, na mimi nikamsindikiza. Shule zilikuwa zimefunga, Agnes yuko nasi, amelala kiti cha nyuma. Dada alimkalisha upande wa kulia, akashusha vioo, akaegesha chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka kwa mlinzi, mzee Severin. "Niangalizie mtoto, baba. Namleta mtu hapa sasa hivi."

Ndani, Amosi hakunyanyua hata macho.

"Dada, ulisaini."

"Nilisaini mlango, sikusaini maji."

"Suala lilishafungwa."

"Basi lifungue."

"Likishafungwa halifunguliwi."

Dada yangu ni mpole. Siku hiyo alizunguka meza, akamshika Amosi mkono kama mtoto mtoro, akamtoa nje. "Njoo ulione kwa macho yako!"

Tukatoka. Gari lilikuwa palepale, kivulini. Vioo vyote vimepanda. Severin amesimama kando yake, anavuta mlango wa mbele.

"Vimepanda vyenyewe," alinong'ona. "Vyenyewe."

Ndani ya vioo kulikuwa na maji.

Ya kahawia. Mpaka juu. Majani yanazunguka ndani yake. Hatukumwona Agnes. Nilivuta mlango. Haukufunguka. Nikazunguka. Wa pili. Wa tatu. Yote imekaza. Na kutoka ndani, mlango ule wa kushoto unapigwa. Siyo vipigo vya mtoto. Vizito. Bati linatikisika.

"Vunja!" nikamwambia Severin.

Akapiga kioo cha mlango wa mbele kwa rungu. Mara ya kwanza, hola. Mara ya pili kikaachia, maji yakatupiga vifuani, ya baridi, yana matope na vijiti, yakamwagika mpaka barabarani. Nikaingiza mwili wangu dirishani, nikamshika Agnes vifundo vya mikono, nikamvuta.

Alikuwa anapumua. Ametulia kama mtu anayeota. Alikuwa amelowa kuanzia kifuani kwenda chini. Nywele zake zilikuwa kavu.

Amosi alikuwa amekaa chini kwenye vumbi. Midomo inamcheza. Nadhani alitafuta neno lolote la kusema, akapata lile analolijua.

"Mafuriko," alinong'ona, "hayamo kwenye bima yenu."

Dada alimtazama, akamwacha. Akambeba mwanaye.

Kondo hakutusumbua. Alipoona gari, akasema bila kuulizwa: mlango aliuziwa na kijana wa Mlali, Hafidhi, mtoto wa mzee Salum. Akachukua spana zake, tukaenda naye mchana uleule. Agnes tukamwacha kwa mama.

Mlali walikuwa wanavuna nyanya. Kijana mmoja alipoona gari letu aliweka tenga chini, akaondoka kupitia shambani bila kugeuka. Uani kwa mzee Salum kulikuwa na gari chini ya turubai. IST. Rangi ya fedha. Mlango wa nyuma kushoto haupo.

"Shikamoo, mzee," dada alisema.

"Marahaba, mwanangu." Hakutuuliza tumefuata nini. Alikuwa anautazama mlango. Akaja akaupangusa kwa kiganja, kama unavyompangusa mtu jasho.

Alitueleza kwa sauti ya chini. Masika ya mwaka juzi Hafidhi alikuwa anamrudisha dada yake, Asia, kutoka mjini. Mto ukapanda wakiwa darajani, gari likasombwa. Hafidhi alitokea dirishani. Asia alikuwa nyuma.

"Mlango ule ulikuwa umewekwa kufuli ya watoto," mzee alisema. "Kwa ndani haufunguki. Hafidhi kila akipita hapa aligeuza uso. Siku moja nikaamka, nikakuta haupo. Sikumuuliza."

Kondo akaanza kufungua mlango. Alipobandua ubao wa ndani, ubao aliouweka yeye mwenyewe kutoka mlango wetu wa zamani, akaweka spana chini. Bati la chini yake lilikuwa limekwaruzwa. Mistari minne minne, mipya, inang'aa.

Kondo akaupachika mlango kwenye gari la mzee. Mzee Salum akaufungua wazi, mpaka mwisho, akaukaza kwa kamba ya katani kwenye mpapai ili usirudi.

"Ukae hivyo," alisema. Akamwita Asia kwa jina, taratibu, akatuaga.

Tulirudi mjini tumeziba upande ule kwa nailoni. Kondo akaunyoosha mlango wa zamani kwa nyundo, akaurudishia, una mawimbi mpaka leo. Maji hayakuonekana tena. Bima walituma ujumbe wa kumtakia dada safari njema. Kioo cha mlango wa mbele alinunua mwenyewe.

Agnes alisema hakumbuki kitu, alikuwa amelala. Tukashukuru. Lakini dada alipofua nguo zake za siku ile, aliniita uani. Alinyanyua juani shati jeupe la Agnes.

Chini ya makwapa, kulia na kushoto, kulikuwa na alama za matope. Viganja viwili. Vidole gumba mbele, vingine mgongoni, jinsi unavyomnyanyua mtoto juu. Mimi nilimvuta kwa vifundo vya mikono. Dada akapimisha viganja vyake juu ya zile alama. Vile vilikuwa vyembamba, na virefu kidogo.

Sabuni haikuzitoa. Dawa ya madoa haikuzitoa. Dada akalikunja shati, akaliweka kabatini.

Masika yalipoanza, usiku wa mvua ya kwanza kubwa, mto ulipanda Mlali. Asubuhi dada alifungua kabati. Nguo zote zilikuwa kavu. Shati nalo lilikuwa kavu, isipokuwa kwenye zile alama. Pale lilikuwa linachuruzika.