Fremu Iliyogeuzwa

Kila siku baada ya shule, Chiriku alifagia karakana ya shangazi yake, fundi redio, kisha akachambua skrubu na kuzitia makoponi. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukutulia. Lakini tangu Kobe, binti wa baba yake mdogo, aje kuishi nao, alikuwa kimya.

Kobe alikuwa amezungusha waya mara mia kwenye fremu ya mbao, akaunganisha na kompyuta kuukuu, akanasa ishara za mtambo wa kurushia mawimbi ya redio ulio ng'ambo ya bahari. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa.

"Zinafikaje kutoka mbali hivyo?" aliuliza mwenye duka la jirani.

"Mawimbi yake ni marefu mno," shangazi alijibu. "Urefu wa wimbi moja hupita kilomita kumi. Husafiri katikati ya ardhi na tabaka la juu angani, kama mtu apitaye ukumbini kati ya sakafu na dari. Hayachoki upesi. Jua likilipuka, dari hiyo hutikisika, na mstari wa ishara kwenye kompyuta huruka au huanguka. Huyu mtoto ana kichwa!"

"Na mimi nina nini? Ufagio?" Chiriku alinong'ona. Moyo ulimchoma.

Jumamosi saa nne asubuhi, Kobe alitumwa sokoni. Chiriku alijua kwamba fremu hunasa vizuri ikielekezwa upande wa mtambo tu. Akaigeuza robo mzunguko. Mstari ukaporomoka. Aliposikia viatu vya shangazi, akairudisha haraka.

Kobe aliporudi alitazama kompyuta, akaona mstari ulivyoanguka saa nne, kikapu kikamponyoka. "Shangazi! Jua limelipuka!"

Shangazi akapiga vigelegele. Mwalimu wa sayansi alipopigiwa simu, aliahidi kuisoma taarifa hiyo mbele ya shule nzima Jumatatu. Chiriku alitaka kumshusha mwenzake, kumbe amempandisha!

Jioni Kobe alimletea daftari. "Soma, dada."

Chini ya taarifa aliyoiandika kulikuwa na majina mawili: la Kobe na la Chiriku.

"Mimi sikuwepo," Kobe alisema. "Wewe ndiye uliyebaki na chombo."

Chiriku akaangua kilio. "Futa jina langu! Jua halikulipuka. Niligeuza fremu. Nilikuonea wivu."

Kobe alimkodolea macho. "Kwa hiyo ningesifiwa mbele ya shule nzima kwa uongo?" Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Asubuhi, Chiriku mwenyewe alimpigia mwalimu simu, akamweleza yote bila kuficha. Kobe alisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Kisha akachukua kalamu, akaandika daftarini kando ya saa nne: *fremu iligeuzwa*.

"Njoo unionyeshe uliigeuza kiasi gani," alisema, bado amenuna.

Shangazi, aliyeisikia simu ile, aliwatazama wakiinamia fremu pamoja. "Chiriku, nami nimekosa," alisema. "Nilimsifu mmoja nikamsahau mwingine. Lakini sikieni, wanangu: sifa ya mwenzio haipunguzi yako. Ukimwonea mtu wivu, mwombe akufundishe anachojua. Ukimharibia, mtabaki wajinga wawili."