Nilijifanya Mgonjwa Hadi Viza ya Mke Wangu Ikafa

Nina umri wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Machakos, na huu ni mwaka wangu wa nane hapa Doha. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta katika kampuni moja kule Lusail. Naishi mtaa wa Najma, chumba kimoja chenye jiko kwenye kona. Zamani nilikiona kidogo. Siku hizi ni kikubwa mno!

Wasomaji wenzangu, najua wengi mtanilaani mkishasoma haya. Nilaanini tu. Lakini someni kwanza.

Mke wangu anaitwa Mwende. Nilipomuoa alikuwa akishughulikia takwimu katika hospitali moja huko nyumbani, mwanamke mwenye akili ya kutisha. Alipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza, mimi ndiye niliyemsukuma aende. Tulipatana hivi: asome mwaka mmoja, akimaliza aombe ile viza ambayo wahitimu wa kigeni hupewa ili wabaki wafanye kazi, atafute mwajiri wa kumdhamini kwa muda mrefu, kisha mimi niliage jua la Doha nimfuate.

Miezi ya mwanzo tulizungumza kila siku. Aliniambia habari za baridi, za chakula kisicho na ladha, za mhadhiri aliyeshindwa kulitamka jina lake. Tulicheka hadi machozi.

Kisha akaja Dennis...

Dennis alikuwa Mkenya mwenzake darasani. Mara ya kwanza kulisikia jina hilo sikujali. Mara ya pili nikanyamaza. Ilipofika ya kumi, nilikuwa nahesabu! Dennis amenielekeza hesabu fulani. Dennis amenionyesha duka la unga wa ugali. Siku moja Mwende akaweka picha mtandaoni, wanafunzi sita wamesimama nje ya maktaba, na mkono wa Dennis uko begani mwa mke wangu. Niliikuza picha ile mpaka vidole vikawa madoadoa. Nilitafuta nini kwenye vidole vya mtu?

Nikaanza kuchungulia saa aliyoingia mtandaoni na saa aliyotoka. Akichelewa kujibu, kifua kinawaka. Akijibu upesi, najiuliza anaficha nini. Kazini nikawa mkali bila sababu. Na katika hayo yote sikumuuliza Mwende neno hata moja. Niliona aibu. Mwanamume mzima nionekane namwogopa kijana wa darasani?

Lakini niseme kweli yote, maana nimeapa kutoficha. Dennis alikuwa nusu tu ya maradhi yangu. Nusu nyingine ilikuwa Mwende mwenyewe. Mimi nina diploma. Yeye anamaliza uzamili, anaongea na maprofesa, anaitwa kwenye mahojiano ya kazi ambazo hata majina yake siyaelewi. Nilimwona akipanda ngazi na mimi nimeshika mguu wa ngazi. Nilimwonea wivu mke wangu wa ndoa! Jambo hilo sikuwahi kulikiri hata mbele ya Mungu.

Masomo yalipoisha, alibaki kusubiri chuo kithibitishe matokeo ndipo aombe viza ile. Mimi huku nikawa nasoma masharti yake kwenye kompyuta ya ofisi. Nikakuta sharti moja: mwombaji lazima awe ndani ya Uingereza wakati anaomba, na viza yake ya uanafunzi iwe bado hai. Ikifa akiwa nje ya nchi, basi... nafasi hiyo imekwenda.

Nililisoma mara tatu. Siwezi kusema sikujua.

Wiki iliyofuata nikampigia simu kwa sauti ya mtu anayekata roho. Nikamwambia nina kizunguzungu, miguu haina nguvu, nimelala kitandani wiki nzima, kazini siendi. Nilichagua kizunguzungu kwa sababu hakionekani kwa macho.

Mwende akalia. Nikamwombea viza ya matembezi, nikachukua likizo kazini, akaja. Nilipomwona uwanja wa ndege akinikimbilia na koti lake zito begani, nilitaka kumwambia kila kitu papo hapo. Kwa nini sikusema? Kwa nini?

Alinipikia uji, akanifulia, akanishika mkono kwenda msalani. Siku ya Jumanne barua pepe ya chuo ikaingia: matokeo yamethibitishwa! Alirukaruka chumbani kama mtoto. Viza yake ya uanafunzi ilikuwa inaisha Jumapili, na ndege yake ilikuwa Alhamisi asubuhi.

"Nikifika tu, Ijumaa naomba, Mutua," akaniambia. "Dennis atanisaidia kuskani makaratasi, printa yangu iliharibika."

Dennis tena!

Alhamisi asubuhi begi lilikuwa mlangoni, teksi imeshafika chini. Mwende akainama kunibusu. Nikasimama nimsindikize... nikajiachilia. Nikaanguka sakafuni kama gunia, nikafumba macho. Nilisikia kilio chake. Nilisikia dereva akipiga honi, kisha akaondoka zake. Na mimi nimelala pale, mzima kama kigongo, nikijisemea moyoni: tuone sasa atamchagua nani.

Tulikwenda kliniki. Daktari hakuona kitu. Mwende alikuwa amesubiri nje, nami nikatoka na uongo wangu: "Daktari anasema nisiachwe peke yangu." Akabadilisha safari ikawa Jumamosi, na Jumamosi nikashindwa kuinua kichwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, akiangalia saa za ndege. Mwishowe akaiweka simu chini.

"Kazi itapatikana," akasema. "Mume hauzwi dukani."

Jumapili ikapita. Viza ikafa.

Wenzangu, nilipata nilichokitaka! Mke wangu alinichagua mimi, akaacha kila kitu. Je, nililala kwa amani? Maneno yale yalinichoma kuliko wivu wote. Lakini badala ya kutubu, nikaona nifunike uongo kwa uongo mkubwa zaidi.

Siku nne baadaye nikaanza "kupona". Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya mapumziko hapa, tukaenda kanisani Mesaimeer, mahali tunapokusanyika Wakenya wengi. Ulipofika wakati wa ushuhuda, nikainuka! Nikasema jinsi nilivyolala karibu mwezi mzima sijiwezi, jinsi Mungu alivyomtumia mke wangu. Watu wakapiga makofi. Kina mama wakamkumbatia Mwende. Niliudanganya umati ndani ya nyumba ya Mungu, mchana kweupe!

Nje, tukisubiri usafiri, akatujia Otieno, mwenzangu wa kazini. Otieno hana hila, ana mdomo tu.

"Shemeji, karibu Doha! Lakini huyu mzee ametuchezea na huo ushuhuda wake," akasema huku akicheka. "Mwezi gani huo? Wiki ile kabla hujafika si tulikuwa naye Lusail, lifti imekufa, tunapandisha mashine kwa ngazi? Alibeba kuliko sisi wote!"

Nikacheka. Sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi. Mwende hakucheka. Akamwambia Otieno, "Asante, shemeji."

 Tulipofika chumbani na kufunga mlango, akaketi, hajavua hata viatu.

"Nieleze."

Nikapiga magoti, nikasema yote. Picha, Dennis, masharti niliyosoma ofisini, kuanguka kwangu. Nilitegemea atapiga mayowe. Hakupiga.

"Mwaka mzima, Mutua. Kwa nini hukuniuliza?"



"Nauliza sasa," nikasema kwa sauti ya chini. "Kulikuwa na kitu kati yenu?"

Akasimama, akalivuta begi lake.

"Ungeniuliza wakati ule ningekujibu. Leo sitakujibu. Kaa nalo."

Jumatatu alipanda ndege kwenda Nairobi, akaenda kwa wazazi wake, si kwa wangu. Pete ameirudisha kupitia kwa mchungaji. Viza ile haiombwi tena. Labda arudi kule kama mwanafunzi mpya, au apate mwajiri wa kumwita kutoka mbali. Nasikia amerudi hospitalini kwenye meza yake ya zamani. Mama yangu alinipigia akaniuliza, "Umemfanya nini mtoto wa wenyewe?" Nikakata simu. Mama yangu mzazi!

Ndugu zangu, ninyi mnaoishi mbali na wenzenu kwa ajili ya masomo na kazi, nawasihi. Ukiwa na shaka, uliza! Uliza ungali na haki ya kujibiwa. Na kama kinachokuuma ni kwamba mwenzio anakupita, mwambie hivyo hivyo, hata sauti ikitetemeka. Mimi niliogopa aibu ya swali moja. Leo Mwende yuko Machakos akifanya kazi aliyokwisha kuipita, nami niko Najma, na Dennis sijui alikuwa nani kwake mpaka leo.