Posa Iliyosubiri Treni

"Tadei, wazee wenu wameshafika, wamekaa sebuleni. Wewe uko wapi?"

Aurelia alikuwa amejifungia jikoni kwao Mbuji, sauti ameishusha ili baba yake mdogo, mzee Pankras, asimsikie.

"Niko Morogoro."

"Morogoro! Leo si ndiyo siku ya posa yako?"

"Wameleta treni mpya, Aure. Ile mchongoko, yenye pua iliyochongoka. Nilidhani ningewahi kurudi."

Aurelia akaketi kwenye kigoda. Mchumba wake alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa Mbinga mjini, ambako hakuna hata kipande cha reli. Lakini tangu alipoiona treni Makambako utotoni, moyo wake ulibaki huko. Posa ilishaahirishwa mara moja, alipokwenda kuona vichwa vya umeme.

"Hivi treni huzichoki?"

"Ingekuwa ileile miaka yote, ningeshaichoka. Zinabadilika! Tulikuwa na dizeli, ukaja umeme, sasa hii. Kila nikidhani nimeziona zote, inakuja nyingine."

"Na mimi ni yuleyule kila siku."

"Sijasema hivyo, Aure!"

Simu ikakatika. Jioni ukaingia ujumbe wa Aurelia: "Baba mdogo amewaaga wazee wenu. Kasema wasirudi tena."

Baada ya mavuno ya kahawa, Clemence, mvuvi wa Lituhi, akaleta posa. Ikapokelewa. Tadei aliposikia, alipanda bodaboda hadi Kitai, akamkuta Aurelia sokoni anauza mahindi.

"Nipe nafasi, mama. Nitaacha mambo ya treni."

"Niapie. Niapie kwamba hutakwenda tena."

Tadei akatikisa kichwa.

"Siwezi, Aure."

"Nilijua." Machozi yakamtoka. "Hujawahi kunidanganya. Ndiyo maana nilikupenda."

Ndoa ilifungwa Lituhi, Jumamosi. Tadei alihudhuria. Wakati wa kuwapongeza maharusi, Aurelia hakuuachia mkono wake upesi.

"Unasafiri lini?"

"Mwezi ujao. Wanaleta mabehewa mengine."

"Uende salama."

Clemence naye akampa mkono, akamshukuru kwa kufika.

Tadei alikwenda. Treni ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuona. Akapiga picha, akafungua namba ya Aurelia amtumie kama zamani. Akaitazama ile namba mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe.