Biskuti za Kwenye Dashibodi

"Nyumbani kwetu hakuna hata biskuti moja," mume wangu alimwambia mtaalamu wa lishe. "Nilipekua kabati zote mimi mwenyewe. Soda, krispi, keki, vyote nilivitoa. Hata mimi sili hivyo vitu mbele yake."

"Hongera, kaka." Mtaalamu akanigeukia. "Dada, umepata mume. Wenzako wengi wanakuja hapa peke yao."

Mimi nilikuwa bado nimesimama juu ya mzani, miguu peku. Mzani ulisema tisini na mbili. Miezi minne nyuma, mzani huohuo ulisema themanini na sita.

"Shuka, kaa hapa," mtaalamu akasema. "Ulikatwa tumbo likabaki dogo. Sahani ya chakula unaimaliza?"

"Siimalizi."

"Basi kilo sita zimetoka wapi?"

Nikatazama viatu vyangu pale sakafuni. Mume wangu naye akavitazama.

"Unadonoa," mtaalamu akasema, na hakuwa anauliza. "Biskuti moja sasa, nyingine baada ya nusu saa, katikati krispi mbili tatu. Vitu hivyo vinapita haraka, havishibishi. Unaweza kudonoa kutwa nzima na tumbo lisikwambie kitu. Na sukari yako imeanza kupanda. Ikiendelea hivi, ukija tena nakurudisha kwenye vidonge."

Vidonge nilivimeza miaka saba. Kabla ya upasuaji nilikuwa na kilo mia na ishirini na nane, nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni, kwa sababu nikilala chali pumzi inakata. Kazi yangu ni kukata lenzi katika duka la miwani, ghorofa ya kwanza, na ngazi zile nilikuwa napumzika mara mbili kabla sijafika juu. Siku niliyozipanda kwa mkupuo mmoja nilimpigia simu mume wangu kazini nikalia.

"Hamu ikija," mtaalamu akaendelea, "usile umesimama. Kaa, weka kwenye sahani, hata kama ni krispi moja. Halafu ujiulize: nina njaa, au nina nini?"

Mume wangu akanishika bega, akamjibu mtaalamu: "Tutajitahidi, dada. Mimi nitamsimamia."

Nilitamani sakafu inimeze. Kwa sababu mtaalamu alikuwa amesema kweli, nilikuwa nadonoa, tena nadonoa vitu vya wizi. Mume wangu ni fundi lifti. Anashinda barabarani na gari la kazi, na kwenye kidroo cha dashibodi huweka vitafunwa vyake vya njiani. Jioni akishaegesha, nilikuwa nasema naenda kuchukua chaja. Nachukua biskuti moja. Kesho mbili. Dashibodi haikuwahi kupungua, na mimi sikuuliza kwa nini. Nilijiambia mwanaume anakula sana, hahesabu.

Na sasa huyo niliyekuwa namwibia alikuwa anapewa hongera.

Tulitoka tukaingia kwenye gari. Pale getini mlinzi akataka tiketi ya maegesho. Mume wangu akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali. Mimi nikanyoosha mkono kwenye dashibodi.

"Usifungue huko," akasema.

Nilikuwa nimeshafungua. Ndani mlikuwa na tiketi, bisibisi, pakiti mbili za biskuti za limau na chokoleti tatu mpya. Nikachukua moja nikasoma karatasi yake. Ilikuwa chokoleti ya karanga.

"Hii ya nani?" nikamuuliza.

"Ya kwangu."

"Ya karanga?"

Mume wangu hali karanga. Mwaka tuliooana, kazini kwao walimpa kipande cha keki yenye karanga. Midomo ikavimba, macho yakafunga, nikampeleka kuchomwa sindano huku anakoroma. Tangu siku hiyo anasoma kila pakiti kama anasaini mkataba wa nyumba.

"Mzee, tiketi," mlinzi akasema.

"Fundi, nimekuuliza. Ni ya nani?"

"Tutoke kwanza, kuna magari nyuma."

"Wasubiri. Ni ya nani?"

Gari la nyuma likapiga honi. Mume wangu akashika usukani kwa mikono miwili. "Ni yako," akasema.

"Ulijua kwamba nachukua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza."

"Na ukawa unajaza?"

"Bonge, nisikilize kwanza..."

"Ukawa unajaza. Halafu sasa hivi umekaa pale ndani umepokea hongera. Utanisimamia. Wewe." Nilifungua mlango. "Mpe baba wa watu tiketi yake."

Nikamrushia tiketi mapajani nikashuka, nikatembea. Nyuma yangu honi zilikuwa tatu sasa. Sijawahi kuwa na hasira ya namna ile. Nilitembea vituo viwili vya basi na magoti hayakuuma, na hata hilo lilinikasirisha, kwa sababu magoti yale niliyapata kwa kisu cha tumbo, na mtu niliyemwamini alikuwa ananinyang'anya kidogokidogo kwa biskuti.

Simu ikaita, nikakata. Ikaja meseji.

"Bonge wangu, rudi tuongee. Sikuwa na nia mbaya."

Nikamjibu: "Usiniite Bonge."

"Nimezoea tu, mke wangu."

"Ndiyo shida yako."

Nilikwenda kwa dada yangu. Ana saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Nilimkuta anamsuka mteja, mwingine amekaa chini ya draya ya kukaushia nywele. Aliniangalia usoni mara moja tu.

"Ingia jikoni. Nakuja," akasema.

Jikoni kwa dada, juu ya friji, kuna kopo la krispi za watoto. Sikumbuki kulishusha. Ninachokumbuka ni mlio. Krispi ya tatu ilivunjika mdomoni na mimi nikausikia mlio wake kama vile anatafuna mtu mwingine. Nilikuwa nimesimama, mkoba bado begani, viatu bado miguuni, mkono umeshaingia kwenye kopo kutafuta ya nne.

Nikautoa. Nikashusha mkoba, nikatafuta sahani, nikaweka krispi nne juu yake, nikakaa. Nilijiona mjinga kabisa. Nikajiuliza lile swali kwa sauti, maana kichwani lilikuwa linanikwepa.

"Nina njaa?"

Sikuwa na njaa. Nilikuwa nimekula mayai kabla ya kwenda kliniki.

"Basi nina nini?"

Nilikuwa na hasira. Wala haikuwa ya leo peke yake. Nilikuwa na hasira na mshereheshaji aliyewaambia wageni harusini kwetu kwamba bwana harusi amejipatia mke na godoro. Watu walicheka, mume wangu akacheka, na mimi nikala keki. Nilikuwa na hasira na wateja wanaoniambia sura yako nzuri, ungepungua tu. Wakitoka, nafungua droo. Kila hasira niliyowahi kupata niliisindikiza na kitu cha kutafuna, ikateremka, nikaonekana mpole. Watu wote wanasema mimi ni mpole sana.

Safari hii sikuiteremsha.

Dada akaingia. Akaangalia sahani, akaniangalia mimi.

"Unafanya nini?"

"Naziangalia."

"Zimekukosea nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameegemea friji, kitana mkononi.

"Sasa mdogo wangu," akasema, "utaacha mume kwa sababu ya chokoleti?"

"Dada, shemeji akijua unaumwa, halafu akawa anakuwekea ugonjwa kwenye droo, jioni kwa jioni, utamwitaje?"

Dada alichukua ile sahani akamwaga krispi kwenye kopo, akalipeleka kopo chumbani kwake, nikasikia ufunguo.

Mlango wa mbele ukagongwa. Nilimjua kwa anavyogonga, kwa funguo za gari. Nilipotoka, alikuwa amesimama katikati ya saluni, hajui mikono aiweke wapi. Mteja wa kusukwa akajifanya anasoma simu. Yule wa draya akaizima.

"Twende nje tuongee," akasema.

"Tuongee hapahapa. Hongera ulipokea mbele ya mtu."

"Sikutaka uumwe. Wallahi sikutaka. Ila baada ya ile operesheni, nyumba ilinyamaza. Zamani tulikuwa tunakula pamoja, unanisimulia vituko vya dukani, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Ukarudi hospitali unakula vijiko vitano, unaondoka mezani. Nikawa nakula peke yangu naangalia ukuta. Halafu siku moja ukaenda kuchukua chaja, ukarudi, ukakaa karibu yangu ukanisimulia habari ya yule mzee aliyekalia miwani yake. Uliongea saa nzima. Kesho yake nikaona biskuti moja haipo."

"Ukaongeza."

"Nikaongeza. Nikajua ukichukua utakuja kukaa na mimi."

Nitasema kweli, hapo nililegea kidogo. Halafu nikakumbuka mzani.

"Ungeniambia, kaa nami," nikamwambia. "Maneno mawili. Ulikosa maneno mawili ukaenda dukani?"

Akainamisha kichwa.

"Na hiyo ndiyo sababu yote?"

"Ndiyo."

"Fundi, niangalie. Ndiyo yote?"

Akazungusha funguo za gari mkononi. "Kazini wananitania. Wanasema mke akishapungua hivyo, haangalii tena fundi lifti. Ulinunua nguo mpya. Ukaanza kupita njia ya mbali kurudi nyumbani."

"Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Sasa najua."

"Kwa hiyo ulitaka ninenepe nisiende popote."

Akamtazama dada yangu pale mlangoni.

"Jibu," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Nilitaka hivyo. Naona aibu, lakini nilitaka."

Ile ndiyo yake iliniuma kuliko chokoleti tatu. Lakini pia ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu ananiambia kitu bila kukizunguka.

"Sasa nisikilize," nikamwambia. "Kuchukua nilichukua mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono, na hilo ni langu, nitalibeba. Lakini mimi nilikuwa najiona mwizi. Miezi minne naoga usiku nalia kwa sababu nakuibia mume mwema. Na wewe ulikuwa unanisikia nalia, unaenda kununua nyingine. Hilo silibebi. Toa simu."

"Nimpigie nani?"

"Mtaalamu. Weka sauti ya wote kusikia."

Alipiga. Kidole kilikosea namba mara moja.

"Halo, kaka," sauti ya mtaalamu ikajaza saluni. "Kuna tatizo?"

"Dada, ile hongera uliyonipa asubuhi si yangu. Zile biskuti ni mimi nilikuwa namnunulia. Nilikuwa naweka kwenye gari nikijua atazichukua. Nilisema uongo mbele yako na yeye akaaibika."

"Mke wako anasikia?"

"Anasikia."

"Vizuri. Basi Alhamisi na wewe uje."

"Lakini dada, mimi uzito wangu ni wa kawaida."

"Nimekuona, kaka. Njoo Alhamisi."

Mteja wa draya akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka. Nilimwambia mume wangu arudi nyumbani, nikabaki kwa dada wiki tatu. Alhamisi zote tatu alikwenda. Sikumuuliza walizungumza nini, ila baada ya ile ya pili alinitumia meseji ndefu kuhusu harusi yetu na ule utani wa godoro. Aliandika: "Nilicheka kwa sababu wote walicheka. Nilipaswa kumnyang'anya kipaza sauti." Nilikuwa nimengoja maneno hayo miaka tisa. Niliyasoma nikiwa nimekaa, na sikula kitu.

Nilirudi nyumbani kwa masharti. Jina la Bonge limekwisha, ananiita jina nililopewa na wazazi wangu. Mwanzoni alikuwa anajikwaa nalo kama anamwita mwalimu. Na kila kinacholiwa ndani ya nyumba ile kinaliwa mezani, kwenye sahani, mbele ya mwenzako, hata kama ni pipi.

Siku ya kwanza alikaanga chipsi zake, akaziweka mezani, akaniangalia kama mtu aliyebeba bomu. Mimi nilikuwa na kipande cha samaki na vijiko vitatu vya maharage.

"Nazitaka hizo chipsi," nikamwambia.

"Nizitoe?"

"Hapana. Nasema tu. Nazitaka mpaka meno yanauma."

"Na hasira?"

"Ninayo pia. Bado sijamalizana na wewe."

"Basi endelea," akasema, akaacha kula, akanisikiliza. Nilimgombeza mpaka samaki wangu akapoa. Nilipomaliza, hamu ilikuwa imeshuka. Haikuwa imekwisha. Nilimaliza samaki wangu wa baridi nikabaki nimekaa pale, nikamsimulia habari za dukani.

Sukari imerudi chini, vidonge sijapewa. Mzani unasema themanini na tisa. Sijapona kudonoa, na mtu akiniambia amepona nitataka kuona droo zake.

Juzi jioni, dukani mteja alikuwa ameniudhi kutwa nzima. Nilifika nyumbani, mguu ukanipeleka wenyewe mpaka kwenye gari. Nilifungua dashibodi kabla sijajua ninachofanya. Ndani mlikuwa na tiketi kuukuu na bisibisi. Nikapekua mpaka nyuma. Hamkuwa na kitu kingine. Nikasimama pale nikiwa na hasira na gari tupu.

Nikampigia simu, na yeye yuko hatua kumi kutoka pale.

"Nimefungua dashibodi," nikamwambia.

"Umekuta nini?"

"Bisibisi."

"Umekasirika?"

"Sana."

"Niko jikoni," akasema, akataja jina langu lote bila kujikwaa. "Njoo unigombeze."

Nikafunga dashibodi, nikaenda.