Saa ya Bontu na Kitufe cha Chini

Kila alfajiri Bontu aliwatoa punda wawili zizini, akakoroga unga wa shayiri kwa maji na asali, akanywa akiwa amesimama. Mama yake alikuwa akimkemea kila siku kwamba mtu hanywi wima kama ngamia, naye kila siku akajibu, "Nachelewa, Mama." Kisha akafunga kamba za viatu, akavaa saa yake, akashika njia ya kwenda uwanjani, huku baridi ya milima ya Arsi ikimng'ata masikio.

Saa hiyo ilikuwa fahari yake. Kaka yake, Lencho, mkimbiaji wa mbio ndefu aliyekuwa akishindana ng'ambo, ndiye aliyemletea. Ilipima mwendo, mapigo ya moyo na mizunguko ya uwanja, na ilifanya kazi kwa kushirikiana na simu ya mama yao. Lencho alikuwa amevipanga vitufe vyake ili dada yake asihangaike. Kitufe cha juu kilimwonyesha mwendo. Cha kushoto kiliwasha taa. Cha chini, akikibana na kukishikilia kidogo, kilihesabu mzunguko. Bontu alivizoea hata angeweza kuvibonyeza usingizini.

"Saa hii haina shida," Lencho alimwambia siku alipoondoka. "Ila ikikuuliza jambo, soma kwanza ndipo ujibu."

Katika mji mdogo wa Sagure wasichana wa Kocha Magarsa hawakukimbia ovyo kila mtu kivyake. Walikimbia kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akitazama visigino vya aliye mbele yake na kuweka mguu pale mwenzake alipoutoa. Kichwa cha mstari ndiye aliyeshika mwendo. Kwa kuwa saa ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya Bontu, kichwa cha mstari kilikuwa Bontu. Cheo hicho kilimkaa vizuri, pengine vizuri kupita kiasi.

Alhamisi jioni alipita kwenye mgahawa wa stendi wenye intaneti ya bure ili amtumie Lencho picha kwa simu ya mama. Mara saa ikatetema mkononi. Sasisho jipya lilikuwa tayari. Kulikuwa na maelezo marefu ya mabadiliko, na chini yake neno moja lililong'aa: Kubali. Bontu aliyatazama yale maelezo, akaona ni marefu kama hotuba ya mkuu wa shule. Akabonyeza Kubali.

Alipofika nyumbani, akabonyeza kitufe cha kushoto apate mwanga wa kufungia zizi. Badala ya taa, muziki ukapiga kelele hadi punda wakaruka. Akabonyeza cha juu atazame mwendo. Ikamwonyesha hali ya hewa.

"Hali ya hewa ya nini?" Bontu alifoka. "Si niko hapa hapa, ninaiona!"

Akabonyeza tena. Ikamuuliza kama angependa kupumua polepole. Akabonyeza tena na tena, kwa hasira, mpaka kidole kikauma. Mwendo haukuonekana. Kitu kilichokuwa chepesi kama kufumba jicho sasa kilikuwa kimefichwa mahali fulani, na aliyekificha hakumuuliza mtu. Akakishika kitufe cha chini kwa woga. Saa ikatetema kidogo, kama zamani, naye akakiachia upesi.

"Angalau hiki hawajakigusa," akajifariji.

Ijumaa hakumwambia mtu. Jumamosi walikuwa wanakuja walimu wawili wa klabu ya riadha ya Asela kuchagua wasichana wa kulelewa na klabu, na Kocha Magarsa alikuwa ameshasema wazi kwamba klabu ile haitafuti wa kwanza kufika. Inatafuta wasichana wanaoweza kushika mstari bila kuuvunja. Kama Bontu angesema hawezi tena kuisoma saa, kichwa cha mstari angepewa Ayantu. Na Ayantu alikuwa na mdomo! Angemtania hadi Krismasi.

Jumamosi asubuhi Kocha alimwita kando. "Bontu, saa iko sawa?"

"Iko sawa, Kocha."

Neno likatoka laini kabisa. Aliweka simu ya mama kwenye mfuko wake kando ya uwanja, makoti ya wenzake yakarundikwa juu yake, na mstari ukaanza.

Mzunguko wa kwanza haukuwa mbaya. Alipopita mbele ya walimu akabana kitufe cha chini. Namba haikutokea. Akakishikilia zaidi, meno ameyauma, mpaka saa ikatetema mara tatu. "Haya, imehesabu," akawaza. Akabonyeza cha juu kuona mwendo, akaletewa mawingu. Akabonyeza tena, akaambiwa apumue polepole.

"Ninapumua!" akaiambia saa kwa sauti.

"Unaongea na nani huko mbele?" Ayantu aliuliza nyuma yake. "Tupunguze, dada. Unatukimbiza kama tumeiba."

Bontu hakupunguza. Aliona walimu wanaandika, akadhani wanasifu. Kila walipomaliza mzunguko alikibana kitufe cha chini mpaka kitetemeke, na kila alipokosa kuuona mwendo hasira zilimpanda, na hasira zikashuka miguuni. Wenzake walimfuata kama walivyofundishwa, kisigino kwa kisigino. Meti, mdogo kuliko wote, alikuwa mkiani. Aliweka mguu pale alipouona wa mwenzake mpaka miguu ikamkatalia. Akayumba, akatoka pembeni, akainama na kutapika shayiri yote ya asubuhi. Mstari ukakatika.

Kocha akapuliza filimbi. "Simameni!"

Kabla Bontu hajafungua mdomo, kelele zilisikika kutoka njia ya mjini. Mama yake alikuwa anakuja mbio bila viatu, mikono imejaa unga mbichi wa mikate ya injera hadi viwikoni. Nyuma yake walikuja majirani, na nyuma ya majirani wanaume wawili waliobeba machela.

"Yuko wapi mwanangu? Ameangukia wapi?"

"Nipo hapa, Mama," Bontu alisema, amepigwa na butwaa.

Mama akamshika mabega, akamgeuza huku na huku, akampaka unga hadi usoni. "Umeumia wapi? Nionyeshe! Lencho amepiga simu dukani kwa jirani yetu Etagu, analia kama mtoto. Simu yangu unayo wewe, amepiga hukupokea. Saa yako imemtumia ujumbe, Bontu anahitaji msaada. Haujapoa, ukaja mwingine. Kisha mwingine! Kesho ana mbio, na hivi sasa anafunga begi arudi nyumbani!"

Mmoja wa wale wanaume akaweka machela chini. "Kwa hiyo hatubebi mtu?" akauliza, akihema.

Ayantu akacheka. Alipoona ni yeye peke yake, akanyamaza.

Bontu akaitazama saa. Damu ilimpanda kichwani. "Ni saa hii! Saa mbovu! Wameibadilisha yote, kitufe cha chini kilikuwa cha kuhesabu, mwendo wameuficha, wananiletea mawingu, nani aliwaomba mawingu? Si kosa langu!"

Kocha Magarsa hakubisha. Aliuliza tu, "Imebadilika leo?"

Meti alikuwa amekaa kwenye nyasi, anafuta mdomo kwa mkono wa koti. Bontu akamwona, na ule ukali wote ukamwisha.

"Alhamisi," akasema kwa sauti ndogo. "Nilibonyeza Kubali bila kusoma. Nilijua siuoni mwendo. Uliponiuliza asubuhi nikakudanganya, Kocha. Niliogopa utampa Ayantu kichwa cha mstari. Meti, nisamehe."

Ilikuwa aibu ya kutafuta shimo la kuingia, mbele ya mama, majirani, walimu wa klabu na machela. Mama alijifuta unga mikononi. Alitoa simu chini ya makoti, akampa. "Mpigie kaka yako kwanza. Mimi zamu yangu iko nyumbani."

Lencho aliisikia sauti ya dada yake. Akapumua kwa nguvu. "Wewe mtoto! Nilikuwa mlangoni na begi. Nilikwambia nini kuhusu kusoma?"

"Ulisema nisome kwanza."

"Basi soma sasa. Mimi narudi kulala, kama usingizi bado unanitaka."

Mmoja wa walimu wa klabu, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alimwambia Kocha kwamba wanalala mjini na kesho wataangalia tena. "Ila mstari uwe mstari," akaongeza.

Alasiri Bontu alibisha hodi kwa akina Ayantu. Hilo lilimgharimu kuliko mbio.

"Karibu, Bibi Mawingu," Ayantu alimpokea. "Umekuja na machela au kwa miguu?"

"Cheka, umalize, halafu unisaidie."

Ayantu akacheka akamaliza. Kisha wakaketi kizingitini na kuyasoma yale maelezo marefu neno kwa neno, wakiulizana maana. Yote yalikuwa yameandikwa. Kitufe cha chini, kikishikiliwa mpaka kitetemeke mara tatu, sasa kiliita msaada kwa aliyeipanga saa, yaani Lencho. Na mwishoni kabisa kulikuwa na maelezo ya namna ya kurudisha mpango wa zamani. Walikosea, wakaanza upya, muziki ukalia, mamake Ayantu akawafokea kutoka jikoni. Hatimaye mwendo ukarudi kwenye kitufe cha juu, na cha chini kikarudi kuhesabu; cha kushoto tu ndicho kilichowashinda. Bontu akaivua saa, akaifunga kwenye mkono wa mwenzake.

"Kesho kichwa ni wewe," akasema. "Kocha ameshaamua, na hakukosea."

Jumapili Bontu alikimbia mkiani, nyuma ya Meti. Hakuwahi kukaa huko. Hakuiona saa wala hakumwona Ayantu. Aliona visigino vya Meti tu, na akaweka mguu pale vilipotoka, mzunguko baada ya mzunguko, akimwamini mtu asiyemwona. Mstari haukukatika.

Walimu wa klabu waliwachukua Ayantu na Meti, wakasema watarudi baada ya mvua kuwatazama wengine. Bontu aliwapigia wenzake makofi, macho yakimwasha. Aliumia, na hakujifanya kuwa hajaumia.

Kocha Magarsa akaja akakaa naye kwenye nyasi. "Uliona nini kule nyuma?" akauliza.

"Visigino, Kocha."

"Basi kumbuka. Walio nyuma yako hawaioni saa. Wanakuona wewe. Saa ikibadilika si kosa lako, vitu vitabadilika kila siku na vitatuudhi sote. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Ungesema sijui, tungepoteza dakika chache tukisoma. Ulisema iko sawa, tukampoteza Meti njiani, na kidogo tumpoteze kaka yako kwenye mbio zake. Mtu akikuamini, mwambie kweli mapema, hata kama kweli yenyewe ni sijui."

Akatoa saa mfukoni, ambayo Ayantu alikuwa ameirudisha, akamkabidhi.

"Kesho kichwa cha mstari ni chako tena. Saa iko sawa?"

Bontu akaivaa. Jibu lile la zamani lilimjia mdomoni, laini kama siku ile. Akalimeza.

"Juu na chini viko sawa, Kocha. Cha kushoto bado sikielewi."

Kocha akavaa miwani yake. "Sogea basi," akasema, "tukisome."