Sahani Isiyorudi

Tk. Tk. Tk-tk.

Gizani, chini ya sakafu, kinu kidogo cha Bi Swaumu kilikuwa kinatwanga. Nuriati alikuwa macho tayari, mkono mmoja juu ya mgongo wa bintiye Shamimu, akisikiliza. Ulikuwa wakati wa daku, na kwa miaka sita aliyoishi orofa moja juu ya yule bibi, mlio ule ndio uliomwamsha kila Ramadhani: iliki ya uji inapondwa. Akashukuru kimoyomoyo. Mtu anayetwanga yu mzima.

Akaenda dirishani kukitazama Kichukuzi kikipanda.

Kilikuwa mashine aliyoibuni mwenyewe, yenye ukubwa wa mbuzi, miguu sita yenye nyayo za kunata kama za mjusi, na mgongoni sanduku la kutunzia joto. Vichukuzi arobaini vilitoka katika jiko la msikiti daku na magharibi, vikapanda kuta za majumba ya Kondoa bila kushika ngazi wala lifti. Kikifika kwenye dirisha la nyumba, kinasubiri lifunguliwe, kinasukuma sahani ndani, kinaondoka. Hakuna mkono uliogusa mkono. Homa ya kijivu ilikuwa imeufunga mji kwa siku thelathini na tatu, kila mtu na mlango wake, na katika siku zote hizo hakuna aliyelala na njaa kwa kukosa wa kumpelekea chakula.

Sahani zenyewe ndizo zilizompa Nuriati jina. Zilitengenezwa kwa pumba za mtama zilizogandishwa. Ukishakula unaimwagia maji, inayeyuka kama uji. Hakuna cha kuosha, hakuna cha kurudisha, kirusi hakina pa kupandia. Wahandisi wakubwa walimpigia kumpongeza, yeye aliyesomea ufundi wake madarasa ya jioni, mtoto akimwacha kwa Bi Swaumu orofa ya chini yake.

Kichukuzi kikamwachia sahani zao, kikashuka hadi orofa ya kumi na nne, dirishani kwa Bi Swaumu. Kikasubiri. Kikasubiri tena. Kisha kikageuka na chakula chake.

Kioo cha simu cha ukutani kikawaka. Alikuwa Mzee Omari, mpishi mkuu wa jiko la msikiti, kofia imekaa upande.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nuriati, hii mijusi yako inanirudia imeshiba. Leo nyumba kumi na tisa hazikufungua. Niambie ukweli, chumvi imezidi?"

"Chakula chako hakina kasoro, baba. Labda wamelala."

"Wazee watupu ndio wanaolala?" Mzee Omari akaivua ile kofia. "Yule mzee wa orofa ya tisa, jengo la pili, tulimzika jana. Homa ilishamwacha tangu wiki iliyopita. Daktari anasema tumbo halikuwa na kitu. Siku nne, mwanangu. Na chakula kilikuwa kinafika dirishani kwake kila siku."

Nuriati akafungua kumbukumbu za Kichukuzi. Kwa mzee yule kilikuwa kimeandika, mara nane, *mpokeaji hayuko tayari*. Kwa Bi Swaumu kilikuwa kimeandika hivyo mara sita. Siku tatu.

"Lakini anatwanga," alijisemea. "Nimemsikia."

Shamimu alikuwa ameamka, amelala kifudifudi, sikio sakafuni. Huo ndio ulikuwa mchezo wake tangu wafungiwe: kumsikiliza bibi. Zamani angekuwa kwenye mapaja yake saa hizi, ananukia iliki mpaka nyweleni.

"Mama, kinu cha bibi hakina kitu."

"Umejuaje?"

"Kikiwa na kitu hakilii hivyo. Kinalia polepole. Bibi alinifundisha."

Nuriati akapiga magoti, naye akaweka sikio. Tk. Tk. Mti mtupu juu ya mti mtupu. Yule bibi alikuwa anatwanga hewa, ili walio juu yake wasijue.

Akampigia. Bi Swaumu hakupenda kioo. Alipokea kwa sauti tu.

"Bibi, mbona hufungui dirisha?"

"Nimekula, mwanangu. Husikii kinu?"

"Nasikia. Na Shamimu anasikia."

Bibi akacheka kidogo, kicheko kilichoishia kwenye kukohoa. "Hako katoto. Nilikafundisha mwenyewe."

"Bibi, kuna mtu amekufa kwa njaa na chakula kiko dirishani. Niambie, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Chakula kizuri." Akavuta pumzi. "Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiniletea sahani na mimi nairudisha na kitu. Ndimu mbili. Nyanya. Kuna siku sikuwa na chochote, nikaweka chumvi, na mama yako akaipokea kwa mikono miwili. Wewe umenilisha siku thelathini. Nikimaliza natafuta sahani niioshe, inaniyeyukia mkononi. Nikachukua iliki zangu zote, nikazifunga kwenye kitambaa, nikamwekea huyo mdudu wako mgongoni. Akaniwashia taa nyekundu kama mwizi, akazichoma. Basi nikajiona, Nuriati. Nimekuwa kinywa tu."

Ile taa nyekundu Nuriati aliiandikia kanuni mwenyewe: kitu chochote kitokacho dirishani kiteketezwe. Aliiandika usiku mmoja, akaona fahari.

Siku nzima alishinda na bisibisi. Kichukuzi kimoja akakiita juu, akakipasua tumbo, akakitia *mfuko wa kurudi*: kijitanuru cha kuoka kitu kwa joto la nyuzi mia na thelathini, muda wa nusu saa, kabla mkono mwingine haujakigusa. Akampigia bwana afya wa mtaa, akamweleza mara mbili. Bwana afya akakuna kidevu. "Bati likiokwa hivyo sina neno nalo. Viungo vikavu pia. Lakini vitapoteza harufu."

"Najua," Nuriati akasema.

Kabla ya magharibi akafungua kabati. Nyuma kabisa ilikuwepo sahani ya bati yenye ua jekundu, rangi ya ukingo imebanduka. Ilikuwa ya Bi Swaumu. Ilikuja na viazi wiki moja kabla mji haujafungwa, na tangu hapo imekwama kwake. Akaijaza wali na mlenda. Pembeni akaweka konzi ya iliki nzima, na karatasi: *Bibi, mimi sina kinu. Mzee Omari anataka iliki ya uji wa daku kwa jengo zima. Nisaidie kutwanga.*

Yeye na Shamimu wakainama dirishani kukiangalia Kichukuzi kikishuka. Kikafika. Kikasubiri. Adhana ikaanza, nyumba kwa nyumba, kila mtu akiitika peke yake. Kichukuzi bado kinasubiri. Shamimu akashika kanga ya mama yake, akaing'ata.

Dirisha likafunguka. Mkono mwembamba, mweusi, wenye bangili moja, ukatoka, ukaigusa sahani, ukalitambua lile ua. Ukakaa juu yake kitambo. Kisha ukaingia nayo ndani.

Nuriati alifuturu kwa maji tu, hakuweza kingine. Alitamani kushuka zile ngazi kumi na nane, agonge, aingie bila kukaribishwa kama zamani, akae chini apewe vitunguu vya kumenya. Ngazi kumi na nane, na hakuna mashine aliyoweza kuibuni ya kumpitisha hapo.

Akamlaza Shamimu. Lakini mtoto akateleza kitandani, akaenda pale pake sakafuni, akabana sikio. Nuriati akazima taa, akasubiri.

Mtoto akainua kichwa.

"Mama, leo kinu kina kitu."